Beni Iko Hapo, Pitia Uganda Kwanza

Kalengera ni njia panda. Barabara kubwa ya RN2 inapita hapo ikitoka Goma na Rumangabo kuelekea Rubare na Rutshuru, na ile ya Tongo inachomoka ubavuni kwenda magharibi. Simama hapo uulize Beni iko upande gani, mtoto yeyote atakunyoshea kidole kaskazini. Mkoa ni huo huo wa Kivu ya Kaskazini, na barabara ni hiyo hiyo iliyo mbele ya macho yako: pita Kiwanja, vuka mbuga ya Rwindi, panda Kanyabayonga, shika Lubero na Butembo, umefika. Hiyo ni ramani. Wengi wenye safari zao siku hizi hawaifuati. Wakifika Rutshuru wanakata mashariki hadi Bunagana, wanaingia Uganda, wanapita Kisoro, Kabale na Kasese, kisha wanarudi Kongo kwa mlango wa Mpondwe na Kasindi. Mipaka miwili, serikali mbili, mihuri juu ya mihuri, kwa safari ambayo mwanzo na mwisho wake uko ndani ya mkoa mmoja.

Ndiyo maana ushauri wa safari unaochapwa katika magazeti ya kwingine ukisomwa huku unachekesha kidogo. Wao hugawa mambo mawili: safari za ndani, ambazo unafunga begi na kuondoka, na safari za nje, ambazo unahangaikia pasipoti na viza. Kwetu mgawanyo huo umekwisha. Anayekwenda kumzika shangazi yake Butembo anahitaji maandalizi ya mtu anayekwenda ng'ambo, na anayekwenda ng'ambo anahitaji kwanza kujua kama barabara ya Kibumba inapitika asubuhi hiyo. Begi ni jambo la mwisho, nami nitalifikia mwishoni.

Yaliyotufikisha hapa yanajulikana, tuyapitie haraka. Bunagana ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 13 Juni 2022. Rutshuru na Kiwanja zilifuata Oktoba mwaka huo huo. Mwisho wa Juni 2024 ikawa zamu ya Kanyabayonga, na mstari wa vita ukakaa juu ya RN2 kama jiwe lililoanguka katikati ya njia. Mwisho wa Januari 2025 Goma nayo ikachukuliwa, na ndege za abiria zikaacha kutua kwenye uwanja wake. Mtu wa Goma aliyezoea kupanda ndege asubuhi na kula chakula cha mchana Kinshasa akajikuta yuko sawa na mtu wa Kalengera: naye pia lazima atafute mpaka.

Basi tuanze na karatasi.

Kitambulisho cha Mkongomani wa kawaida ni kadi ya mpiga kura. Kwa miongo mingi nchi haikuwa na kitambulisho cha taifa mikononi mwa watu, hivyo kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya siku moja ya uchaguzi ikageuka kuwa kila kitu: ya kufungulia akaunti, ya kusajilia laini ya simu, ya kuonyesha kwenye barieri. Lakini mwaka 2023, tume ya uchaguzi ilipoandikisha watu upya, maeneo makubwa ya Rutshuru na Masisi hayakuandikishwa kwa sababu ya vita, na Desemba mwaka huo hayakupiga kura. Kwa hiyo watu wengi wa huku wanatembea na kadi za zamani, za ule uandikishaji wa kabla ya uchaguzi wa 2018. Na hao waliopata kadi mpya mijini wana taabu yao nyingine: wino. Kadi nyingi za 2023 zilianza kufifia baada ya miezi michache tu. Toa kadi ya namna hiyo mfukoni uione: jina limebaki nusu, tarehe ya kuzaliwa imekuwa ukungu, na pale palipokuwa na uso pamebaki kivuli cha kichwa na kola ya shati. Unamkabidhi askari kadi hiyo, anaitazama, anakutazama wewe, anaitazama tena. Hapo ndipo mazungumzo ya pesa yanapoanza.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Kabla kadi haijafifia, ipige picha pande zote mbili, itoe fotokopi tatu, moja uiache nyumbani kwa mtu anayejua kusoma na anayepokea simu. Picha usiiache kwenye simu tu. Jitumie mwenyewe kwa barua pepe au mtumie ndugu. Simu huku huibwa, hunyang'anywa na hutumbukia ziwani. Na kama kadi imekwisha kufa, tafuta cheti cha kupotelewa na vitambulisho wiki nzima kabla ya safari, usingoje ile asubuhi ya kuondoka.

Baada ya kadi kuna makaratasi ya mpakani, na hapa watu wengi wanakwama kwa kuchanganya vitu vitatu. Kuna jeto, ile karatasi ya jirani anayevuka Petite Barrière kwenda Gisenyi kuuza nyanya na kurudi jioni. Jeto ni ya mji wa mpakani na ni ya siku hiyo. Ukiwa nayo Musanze au Kigali, wewe ni mtu asiye na karatasi. Halafu kuna lesepase ya CEPGL, jumuiya iliyoanzishwa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976 na nchi tatu: Zaire ya wakati ule, Rwanda na Burundi. Hesabu tena nchi hizo: Uganda haimo. Mtu anayekwenda Bunagana na lesepase ya CEPGL akidhani itamfikisha Kampala amebeba ufunguo wa nyumba nyingine. Maafisa wa pale huwa na huruma yao kwa majirani wanaokwenda sokoni Kisoro, lakini huruma si sheria, na hubadilika afisa anapobadilika.

Tatu ni pasipoti. Tarehe 8 Aprili 2022 Kongo ilitia saini ya kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Julai mwaka huo ikawa mwanachama kamili. Kenya iliondoa viza kwa Wakongomani kuanzia Septemba 2023. Habari hiyo ilishangiliwa sana, na kwa haki, kwani wafanyabiashara wetu waliokuwa wakilipia viza ya Nairobi kila mara walipumua. Ila wengine walisikia «hakuna viza» wakaelewa «hakuna pasipoti». Viza ni ruhusa ya kuingia, pasipoti ni uthibitisho wa wewe ni nani. Imefutwa ya kwanza, si ya pili.

Nayo pasipoti ya Kongo ina historia ya kuumiza mfuko. Kuanzia mwishoni mwa 2015, chini ya mkataba na kampuni ya Semlex ya Ubelgiji, ilikuwa ikiuzwa dola 185, mojawapo ya pasipoti ghali kuliko zote duniani, katika nchi ambayo mwalimu wa shule ya msingi haoni pesa hiyo kwa mwezi. Mwaka 2017 shirika la habari la Reuters lilifichua kwamba dola 60 kati ya hizo 185 zilikuwa zikienda kwa kampuni moja huko Ghuba. Mkataba ulipokwisha mwaka 2020, bei ilishushwa hadi dola 99. Ilikuwa nafuu, lakini bei ya kwenye tangazo ni mwanzo tu wa hesabu: weka picha, nauli za kwenda na kurudi ofisini, siku ulizolala kwa watu ukingoja. Pasipoti hutolewa na Wizara ya Mambo ya Nje iliyoko Kinshasa, na Goma ikiwa chini ya M23, anayeihitaji hulazimika kuitafuta upande ule mwingine wa mstari. Ushauri wangu ni mmoja: kama unayo, itazame leo tarehe yake ya mwisho. Nchi nyingi hudai ibakiwe na miezi sita tangu siku ya kuingia, na mashirika ya ndege hukurudisha pale pale kaunta bila hata kukuonea haya.

Kuna jambo ambalo ofisi za safari hazilisemi, nalo limewaangusha watu wengi kuliko viza: majina yetu. Mobutu alipoamuru mwaka 1972 majina ya Kikristo yaachwe kwa jina la uhalisi wa Kizaire, kila mtu alipewa au akajitafutia jina la pili la asili, lile linaloitwa postinome. Miaka ya tisini majina ya Kikristo yakarudi, lakini postinome haikuondoka. Hivyo leo Mkongomani ana majina matatu yenye nafasi tatu rasmi. Nenda sasa kwenye fomu ya shirika la ndege au ya uhamiaji wa nchi jirani: kuna visanduku viwili tu. Wakala wa tiketi aliye na haraka anaacha moja, au anaunganisha mawili bila nafasi, au anageuza la mbele kuwa la nyuma.

Kwa wenzetu Wanande balaa ni kubwa zaidi. Kwao majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa: Paluku ni wa kwanza kati ya wavulana, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu. Katika basi moja la Butembo unaweza kuwa na akina Kambale saba, na kinachowatenganisha ni postinome. Ukiiondoa hiyo kwenye tiketi, umemfuta mtu. Kwa hiyo ukinunua tiketi, fungua pasipoti kwenye ule ukurasa wa picha, tazama ile mistari miwili ya chini yenye alama nyingi kama mishale, na uhakikishe tiketi imeandikwa kama mistari hiyo ilivyoandika, herufi kwa herufi. Makosa ya jina husahihishwa kirahisi siku ya kununua. Siku ya kupaa husahihishwa kwa kununua tiketi nyingine.

Tukiwa bado kwenye karatasi, niseme hili kwa sauti ya chini: karatasi iliyogongwa muhuri upande mmoja wa vita inaweza kuzaa maswali upande wa pili. Huo ndio ukweli wa anayetoka Kalengera akaingia Kasindi. Hujafanya kosa lolote kwa kuishi unapoishi, lakini jiandae kueleza unatoka wapi, unakwenda kwa nani na kwa nini, kwa maneno machache yasiyobadilika. Simu nayo ni karatasi siku hizi. Picha za wanajeshi, ubishi wa siasa kwenye makundi ya WhatsApp, wimbo wa kumsifu huyu au kumtukana yule, vyote vipumzishe nyumbani. Sipendi kutoa ushauri wa namna hii. Ninautoa kwa sababu barieri haina mahakama.

Sasa barabara yenyewe. Kutoka Goma hadi Rutshuru ni kilomita zipatazo 70, na Kalengera iko kabla ya kufika huko. Tarehe 22 Februari 2021, magari mawili ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani yalitoka Goma asubuhi kuelekea Rutshuru kutazama mradi wa chakula cha shuleni. Karibu na Kibumba, mahali watu wanapopaita Trois Antennes, yalisimamishwa na watu wenye silaha. Dereva Mustapha Milambo aliuawa pale pale. Balozi wa Italia Luca Attanasio na mlinzi wake Vittorio Iacovacci walikufa pia. Shirika lilieleza baadaye kwamba barabara hiyo ilikuwa imethibitishwa kuwa salama kupitwa bila walinzi wenye silaha.

Sikumbushi kisa hicho kumtia mtu hofu. Nakikumbusha kwa sababu kinaonyesha udhaifu wa habari iliyolala. «Barabara ni salama» ni sentensi yenye umri wake, na huku kwetu hufa ikiwa mbichi. Mabalozi wana idara za usalama. Mchuuzi wa maharage wa Kalengera ana kitu ambacho mara nyingi kinashinda hizo idara, nacho ni watu wanaopita kila siku. Kijana wa taksi-moto aliyeteremka kutoka Rubare alfajiri hii anajua kama kuna barieri mpya. Dereva wa Fuso la viazi kutoka Kibumba anajua kama malori ya jana yalirudi yote. Mwanamke anayeuza ndizi kando ya njia anajua kwa nini leo abiria ni wachache. Waulize watatu, si mmoja, na uulize asubuhi ile ile. Kama majibu yao yanapingana, kunywa chai, safari ya kesho ipo.

Toka mapema, hilo kila mtu analijua. Lisilozingatiwa sana ni kupanga mahali pa kulala njiani kabla hujatoka. Mtu aliyekwisha kupata simu ya mwenyeji wa Rutshuru, wa Kisoro na wa Kasese hatasukumwa kusafiri gizani kwa sababu tu hana pa kwenda. Na mwenyeji huyo umpelekee kitu: maharage ya Kisigari, kahawa ya Tongo, chochote cha kwenu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na si bure.

Wanaoelekea Bukavu wana ziwa. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli ya Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imebeba watu na mizigo kupita uwezo wake, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni wakiwangoja ndugu zao. Barabara ya Minova kupitia Sake ilikuwa imekatwa na vita, ndiyo maana ziwa lilibeba kila mtu. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema siku ile kwamba waliokuwamo walikuwa 278, na waliokufa makumi kwa makumi. Lakini hesabu haikutulia kwa siku nyingi. Familia zilizunguka kutoka hospitali hadi chumba cha maiti zikitafuta, kwa sababu hapakuwa na orodha ya abiria ya kuaminika.

Kabla ya hapo, mwaka 2019, orodha ilikuwa imetufundisha somo jingine. Tarehe 14 Julai mwaka huo mgonjwa wa kwanza wa Ebola ndani ya mji wa Goma alitambuliwa. Alikuwa ametoka Butembo kwa basi, na kwenye vituo vya afya vya njiani alikuwa ametaja majina tofauti tofauti. Wahudumu wa afya walilazimika kumtafuta mmoja mmoja kila aliyekaa naye ndani ya basi lile ili apewe chanjo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa. Ugonjwa ule, ulioanza Agosti 2018 na kutangazwa kwisha Juni 2020, uliua watu 2,287 katika mikoa yetu.

Kwa hiyo ukiona kijana na daftari mlangoni mwa basi au gatini, usimpite ukijifanya huna muda. Mpe jina lako kamili na namba ya simu ya mtu wa nyumbani, si yako, maana yako itakuwa mfukoni mwako. Na kama kwenye mashua hupewi jaketi la kuokolea, au limefungwa juu ya mizigo kama pambo, shuka. Nauli itakuuma siku mbili.

Pesa sasa, na hapa Kongo ina desturi zake. Tunaishi kwa dola, lakini dola yetu ni dhaifu kwa afya. Mpe kambiste, yaani mbadilishaji pesa, wa Goma noti ya dola 20 umtazame. Anaivuta kwa vidole viwili isikike inavyolia, anaigeuza juani, anapitisha kidole gumba pembeni mwote polepole kama kipofu anayesoma. Akikuta mchaniko wa urefu wa punje ya mchele anairudisha: «Hii ilipasuka.» Noti hiyo hiyo ingepita New York bila neno. Huku haipiti, na kule Uganda noti za miaka ya zamani na zile ndogo ndogo hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko zile mpya za 100. Kwa hiyo chagua noti zako kama unavyochagua mayai, uziweke bapa ndani ya daftari, usizikunje, wala usizishone kwenye pindo la nguo.

Kwa njia ya Bunagana utahitaji faranga za Kongo hadi mpakani na shilingi za Uganda kuanzia pale. Badili kidogo tu mpakani, kiasi cha nauli na chakula, ubadili kingine mjini ambako wabadilishaji wanashindana. Pesa ya simu ya laini ya Kongo haitakusaidia sana ukishavuka, na benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025 watu wengi walijifunza kwa uchungu kwamba pesa isiyoshikika ni ahadi. Gawanya ulizonazo sehemu tatu, na moja iwe ndogo ya kutoa haraka unapoulizwa kama una pesa. Ya chai ya barieri itapangiwa bajeti pia, tusidanganyane. Asiyeipanga huilipa kutoka kwenye nauli ya kurudi.

Halafu kuna saa. Goma na Kigali zinatumia saa ile ile. Uganda iko mbele kwa saa nzima. Unapovuka Bunagana saa mbili asubuhi kwa saa ya Kongo, upande wa pili ni saa tatu, na basi uliloambiwa linaondoka Kisoro saa tatu linaondoka sasa hivi, si baadaye. Simu nyingine hujirekebisha zenyewe, nyingine hubaki zimenasa mnara wa Kongo hadi katikati ya Kisoro. Ulizia saa kwa mtu. Na unapovuka barabara kwa miguu, tazama kulia kwanza: kwetu na Rwanda magari hupita upande wa kulia, Uganda hupita kushoto. Watu wazima wameponea chupuchupu pale stendi kwa sababu walitazama upande waliouzoea tangu utotoni.

Afya nitaipitia kwa kifupi, isipokuwa kwenye kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika kisheria siku ya kumi baada ya kuchanjwa. Siku ya tisa haitoshi. Tangu Julai 2016, kwa uamuzi wa Shirika la Afya Duniani, cheti chake ni cha maisha yote, hata kama juu yake kumeandikwa miaka kumi. Afisa akikuambia imekwisha muda, mweleze hivyo kwa upole. Na usinunue kadi bila sindano. Najua inauzwa. Virusi havisomi kadi.

Anayeelekea Ulaya ana mlima wake peke yake. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa si zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala si chini ya siku 15. Ada yake tangu Juni 2024 ni yuro 90, nayo hairudishwi ukikataliwa. Bima ya safari isipungue yuro 30,000, pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na ibakiwe na miezi mitatu baada ya tarehe ya kurudi. Kwa mtu wa Goma, juu ya hayo yote, ongeza safari ya kwenda kuweka alama za vidole mji mwingine au nchi nyingine, na hesabu hiyo uifanye kwanza, kabla hujalipa mtu yeyote chochote. Anayekuahidi viza bila wewe kuonekana ubalozini anataka pesa yako.

Watoto wana karatasi zao. Sheria ya familia inampa mzazi siku 90 tangu kuzaliwa kumwandikisha mtoto bila malipo. Baada ya hapo ni mlolongo wa mahakama. Watoto waliozaliwa kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, Kanyaruchinya na kwingineko, wengi waliikosa nafasi hiyo, na leo mama anayetaka kuvuka naye anaulizwa: huyu ni wako kweli? Cheti cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa ya baba kama hasafiri nanyi, hukata maswali hayo. Anza nacho hata kama safari ni ya mwaka ujao.

Limebaki begi, kama nilivyoahidi. Begi moja unaloweza kulibeba mwenyewe kwa kilomita moja bila kupumzika, maana kati ya barieri na barieri mara nyingi utatembea. Nguo nzito, kwa sababu Kabale kuna baridi. Kitenge kimoja cha ziada, ambacho ni shuka, ni pazia, ni mbeleko. Na hakuna sashe. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019, na hasa Rwanda hawatanii. Pale Petite Barrière utaona kila asubuhi mama amechuchumaa pembeni akimwaga maharage kutoka kwenye sashe kwenda kwenye kitenge, kilo baada ya kilo, foleni yake ikiondoka bila yeye.